Kupima Misitu kwa Kipimo Kimoja: Ushirikiano wa Nchi Unavyofanya Kazi na Unapokwama

Mwaka 2020 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilitangaza kwamba dunia ina hekta bilioni 4.06 za misitu, sawa na asilimia 31 ya nchi kavu. Namba hiyo hunukuliwa kana kwamba kuna mtu aliyezunguka akaipima. Kwa kweli ni jumla ya taarifa za nchi na maeneo 236, kila moja ikiwa na sheria yake ya misitu, ramani zake na miaka yake ya kupima. Zipo nchi zinazopima upya kila mwaka sehemu ya ploti zake, yaani vipande vidogo vya ardhi vilivyochaguliwa kuwa sampuli, na zipo zinazokadiria kutoka kwenye ramani kuukuu.

Ushirikiano wa kimataifa katika upimaji wa misitu upo ili namba hizo ziweze kujumlishwa bila kudanganya. Wengi wakisikia jambo hili hufikiria setelaiti, lakini ugumu wenyewe uko kwingine. Uko katika kukubaliana msitu ni nini, katika kupima kwa namna ileile kila mahali, na katika kurudi kupima tena pale pale baada ya miaka mitano au kumi. Hilo la mwisho ndilo linaloachwa mara nyingi zaidi, na ndilo lenye thamani kuliko yote.

Msitu ni nini, na ni kwa nani

Kwa FAO, msitu ni eneo linalozidi hekta 0.5, lenye miti inayozidi urefu wa mita 5 na mwavuli wa majani unaofunika zaidi ya asilimia 10 ya ardhi, au miti inayoweza kufikia viwango hivyo hapo ilipo. Kuna sharti lingine linalosahaulika: matumizi makuu ya ardhi hiyo yasiwe kilimo wala makazi. Kwa hiyo shamba la mpira linaingia kwenye hesabu, la michikichi haliingii. Bustani ya miti ya matunda haiingii hata kama matawi yake yamefungamana kabisa. Eneo lililovunwa na linalotarajiwa kuota upya ndani ya miaka mitano bado ni msitu, ingawa ukisimama katikati yake huoni mti hata mmoja.

Hapo ndipo ugomvi mwingi wa takwimu unapoanzia. Tafsiri ya FAO inahusu matumizi ya ardhi, na setelaiti huona tu kilichoifunika. Haioni kusudi la mwenye ardhi. Kampuni ikivuna hekta 300 za misonobari na kupanda tena, ramani ya setelaiti itaandika upotevu wa hekta 300, na ripoti ya nchi itaandika sifuri. Zote mbili zinasema kweli juu ya vitu viwili tofauti.

Katika Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi mambo yalikwenda njia nyingine. Makubaliano ya Marrakesh ya mwaka 2001 yaliziachia nchi kuchagua viwango vyao ndani ya mipaka: eneo la chini kati ya hekta 0.05 na 1, mwavuli kati ya asilimia 10 na 30, urefu kati ya mita 2 na 5. Katika taarifa zao za hewa ukaa inayotokana na misitu, Tanzania ilitumia hekta 0.5, asilimia 10 na mita 3. Kenya hekta 0.5, asilimia 15 na mita 2. Uganda hekta 1, asilimia 30 na mita 4. Sasa chukua pori ambalo miti yake kwa asili haizidi mita 3.5 na mwavuli wake unafunika asilimia 12. Kwa Tanzania ni msitu. Kwa Kenya na Uganda si msitu. Kwa FAO linaandikwa kwenye safu nyingine kabisa, ya ardhi yenye miti ambayo haijafikia kiwango cha msitu. Hakuna aliyekosea hapo. Kosa hutokea pale mtu anapochukua takwimu za nchi hizo tatu, akazipanga kwenye jedwali moja na kuanza kushindanisha.

Jambo hilohilo hutokea kati ya miaka. Hadi tathmini ya mwaka 1990, FAO ilitumia kiwango cha mwavuli cha asilimia 20 kwa nchi zilizoendelea na asilimia 10 kwa zinazoendelea. Wataalamu walipokutana Kotka, Finland, mwaka 1996, walikubaliana juu ya asilimia 10 kwa wote, na tathmini ya mwaka 2000 ikafuata hivyo. Nchi zenye misitu ya miti iliyotawanyika, Australia ikiwemo, zikaonekana na eneo kubwa zaidi kuliko ripoti iliyopita, bila mti mmoja kuongezeka. Ndiyo sababu kila tathmini mpya hukokotoa upya miaka ya nyuma hadi 1990. Anayetaka kujua mwelekeo asitoe namba ya ripoti ya 2005 kwenye namba ya ripoti ya 2020. Achukue safu nzima ya miaka kutoka ndani ya ripoti moja, ile ya karibuni.

Nchi za Ulaya zilipata njia inayostahili kuigwa. Mwaka 2003 taasisi zao za upimaji wa misitu ziliunda mtandao unaoitwa ENFIN. Hapakuwa na uwezekano wa kuziambia nchi ziache vipimo vyao, maana kubadili kipimo ni kukata uzi wa takwimu: Norway ilianza upimaji wa kitaifa mwaka 1919, Finland mwaka 1921, Sweden mwaka 1923. Walichokubaliana ni tafsiri moja ya rejea, kisha kila nchi inajenga daraja kutoka kwenye kipimo chake hadi hapo. Uswisi, kwa mfano, hupima miti kuanzia kipenyo cha sentimita 12, Ujerumani kuanzia sentimita 7. FAO nayo inataka ujazo wa miti hai yote kuanzia sentimita 10, pamoja na gome, kutoka ardhini hadi ncha ya shina, bila matawi. Mswisi anahitaji mlinganyo wa kukadiria miti ya sentimita 10 hadi 12 asiyoipima. Mjerumani anahitaji tu kuondoa aliyoipima ziada. Kwa mfano huo ni rahisi kuona kwamba anayepima vitu vidogo zaidi na kuandika kila mti peke yake anaweza kuvuka kwenda kwenye tafsiri yoyote. Aliyehifadhi jumla tu, bila orodha ya mti mmoja mmoja, amefungwa kwenye tafsiri ya siku ile.

Ndani ya ploti

Hakuna nchi inayopima miti yake yote. Huchukuliwa sampuli: vituo hupangwa kwenye gridi, mara nyingi vikiwa makundi ya ploti kadhaa yanayoitwa klasta, ili timu iliyosafiri siku nzima isipime ploti moja tu na kurudi.

Ploti nyingi ni duara ndani ya duara. Katika upimaji wa kitaifa wa Tanzania, NAFORMA, uliofanywa na serikali kwa msaada wa Finland na FAO, ploti ilikuwa na nusu kipenyo za mita 1, 5, 10 na 15. Miti ya kipenyo cha kuanzia sentimita 1 hupimwa ndani ya mita 1 tu. Ya kuanzia sentimita 5 ndani ya mita 5. Ya kuanzia 10 ndani ya mita 10. Ya kuanzia 20 ndani ya mita 15. Sababu yake ni kwamba miti midogo ni mingi na mikubwa ni michache, kwa hiyo kila ukubwa hupewa eneo linaloutosha.

Lakini mpangilio huo una hesabu ambayo kila mpimaji anapaswa kuijua kwa moyo. Duara la mita 15 lina mita za mraba 707, kwa hiyo mti mmoja uliopimwa humo unawakilisha miti 14 kwa hekta. Kwenye duara la mita 10 unawakilisha 32, la mita 5 unawakilisha 127, na la mita 1 unawakilisha miti 3,183. Mche mmoja uliosimama sentimita 103 kutoka katikati, ukaingizwa kwa kukisia kwa macho, unaongeza miti zaidi ya elfu tatu kwa hekta. Mpaka wa mita 1 hupimwa kwa futikamba kila mara, na uamuzi hutegemea katikati ya shina, si gome la upande wa ndani.

Mteremko ni chanzo kingine cha kosa la kimyakimya. Umbali wote wa ploti unapaswa kuwa wa usawa, kama unavyoonekana kwenye ramani. Kwenye mteremko wa asilimia 30, mita 15 za usawa zinahitaji mita 15.66 za futikamba inayofuata ardhi kuelekea juu au chini. Timu isiyorekebisha hupima eneo dogo kwa takriban asilimia 4. Mteremko ukifika asilimia 60 pengo linakuwa asilimia 14. Kosa hili haliwezi kujifuta lenyewe kwa kuongeza ploti, kwa kuwa daima linaelekea upande mmoja: misitu ya milimani inaonekana na miti michache kuliko iliyopo.

Kipenyo hupimwa usawa wa kifua. Kwa nchi nyingi ni mita 1.3 kutoka ardhini, Marekani ni mita 1.37, New Zealand mita 1.4. Kwenye mteremko unasimama upande wa juu wa mti. Mti uliogawanyika chini ya usawa huo huandikwa kuwa miti miwili. Wenye mizizi mipana iliyopanda kwenye shina hupimwa sentimita 30 juu ya pale mizizi inapoishia, na urefu wa mahali hapo huandikwa, vinginevyo timu ya miaka mitano ijayo itapima pengine na mti utaonekana umenenepa au umekonda. Kosa baya kuliko yote ni kuandika mzingo kwenye safu ya kipenyo. Namba inakuwa kubwa mara 3.14, na eneo la shina karibu mara 10. Programu ya kuingizia data ikatae kipenyo kisichowiana na urefu wa mti pale pale porini, timu ikiwa bado imesimama mbele ya mti.

Kutoka hapo mpaka tani za kaboni kuna mlinganyo. Ule unaotumika zaidi kwa misitu ya tropiki ulichapishwa mwaka 2014, ukitokana na miti 4,004 iliyokatwa na kupimwa katika maeneo 58: uzito mkavu wa sehemu ya juu ya ardhi, kwa kilo, ni 0.0673 mara (uzito wa mbao × kipenyo mraba × urefu) kwa kipeo cha 0.976. Mti wenye kipenyo cha sentimita 30, urefu wa mita 18 na uzito wa mbao wa gramu 0.6 kwa sentimita ya ujazo hutoa kilo 525 hivi. Ukizidisha kwa 0.47 unapata kilo 247 za kaboni, na ukizidisha tena kwa 44 na kugawanya kwa 12, kilo 904 za hewa ukaa. Ongeza kosa la sentimita 2 tu kwenye kipenyo: jibu linapanda kwa asilimia 13. Kosea urefu kwa mita 2, ambalo ni jambo la kawaida msituni penye giza ambapo kilele hakionekani vizuri: asilimia 11. Na uzito wa mbao hutegemea spishi, kwa hiyo mtambuzi wa miti ndiye mtu wa kwanza kuajiriwa kwenye timu. Jina la kienyeji lisilo na tafsiri ya uhakika liandikwe lilivyo na kielelezo cha jani kichukuliwe; kubuni jina la kisayansi ni kuharibu mlinganyo bila mtu kujua.

Kuna kanuni moja ambayo timu iliyochoka hujaribiwa sana kuivunja: ploti haihamishwi. Ikiangukia kwenye bwawa, shamba, korongo au nusu barabarani, inaandikwa hivyo. Isiyofikika huandikwa haikufikika. Ukiisogeza mita 40 kwenda mahali pazuri zaidi umeacha kuchukua sampuli ya nchi na umeanza kuchukua sampuli ya mahali panapopitika.

Ushirikiano wa kimataifa hapa unahusu mafunzo na ukaguzi, na matunda yake huonekana haraka. Mtandao wa ICP Forests, ulioanzishwa mwaka 1985 kufuatilia athari za uchafuzi wa hewa kwa misitu ya Ulaya kwenye gridi ya kilomita 16 kwa 16, uligundua mapema kwamba waangalizi wa nchi mbili wakitazama mti uleule hawakubaliani umepoteza majani kiasi gani. Dawa yao ni kuwakutanisha waangalizi kwenye miti ileile, kila mmoja akiandika peke yake, kisha tofauti kujadiliwa. Upimaji wowote wa kitaifa unahitaji kitu cha namna hiyo: timu huru irudie sehemu ya ploti bila kuona namba za mwanzo, na tofauti zichapishwe pamoja na matokeo.

Setelaiti, na kwa nini ramani mbili hupingana

Mwaka 2008 Marekani iliamua kutoa bure picha zote za setelaiti zake za Landsat, ambazo mfululizo wake unaanzia 1972. Huo ndio uamuzi mmoja uliobadilisha ufuatiliaji wa misitu kuliko mwingine wowote. Kabla yake nchi nyingi zilinunua picha chache na kuomba mawingu yasiwepo. Baada yake ziliweza kutazama kila picha iliyowahi kupigwa. Tangu 2015 Sentinel-2 za Ulaya huongeza picha za mita 10, ambazo setelaiti mbili zikifanya kazi pamoja hurudi mahali palepale kila siku tano.

Wingi huo umeleta utata wake. Brazil hupima ukataji wa Amazoni kila mwaka tangu 1988 kwa mfumo wa PRODES. Ramani ya dunia nzima iliyoanza kuchapishwa mwaka 2013, ambayo husomwa kupitia tovuti ya Global Forest Watch, nayo hutoa upotevu wa miti wa kila mwaka. Mtu akilinganisha anakuta namba mbili zilizo mbali sana, na magazeti huandika kwamba kuna anayeficha. Tazama kinachopimwa. PRODES huhesabu msitu wa asili uliofyekwa kabisa, kuanzia hekta 6.25, eneo likishahesabiwa huondolewa na halihesabiwi tena hata likiota na kukatwa upya, mwaka wake huanza Agosti na kuisha Julai. Ramani ya dunia huhesabu kila pikseli ya mita 30, yaani hekta 0.09, iliyopoteza miti kwa sababu yoyote: moto, uvunaji wa miti ya kupandwa, upepo, na mwaka wake ni Januari hadi Desemba. Mwaka wa moto mkali namba hizo haziwezi kukaribiana, na zikikaribiana ndipo mtu angepaswa kushtuka.

Kosa kubwa zaidi katika kutumia ramani ni kuhesabu pikseli na kuita jumla yake eneo. Tuchukue mfano wa kubuni. Ramani inaonyesha hekta 100,000 zilizofyekwa na hekta milioni 5 za msitu uliobaki. Wataalamu wanatupa pointi 100 kwenye eneo lililofyekwa na 500 kwenye msitu uliobaki, wanazichunguza moja moja kwa picha kali zaidi. Kati ya 100, 75 ni kweli. Kati ya 500, pointi 4 kumbe zimefyekwa na ramani haikuona. Pointi nne ni kidogo, lakini ni asilimia 0.8 ya hekta milioni 5, yaani hekta 40,000. Makadirio sahihi ni 75,000 na 40,000: hekta 115,000, na mashaka ya takriban hekta 40,000 juu au chini kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95. Karibu mashaka yote yametoka kwenye zile pointi nne. Kwa hiyo pesa ya ziada isiende kununua picha bora za eneo lililofyekwa. Iende kutenga ukanda wa msitu ulio jirani na mashamba na barabara, ambako ufyekaji mdogo hujificha, na kuuongezea pointi.

Mashaka hayo yana bei. Mfuko wa Kaboni wa FCPF, chini ya Benki ya Dunia, unaozilipa nchi kwa tani za hewa ukaa zilizozuiwa kwa kulinda misitu, hutenga kando bila kuzilipia sehemu ya tani za nchi kulingana na ukubwa wa mashaka: yakiwa hadi asilimia 15 hakuna kinachotengwa, yakizidi hapo hadi 30 hutengwa asilimia 4, hadi 60 asilimia 8, hadi 100 asilimia 12, na zaidi ya hapo asilimia 15. Timu inayoona ukokotoaji wa mashaka kuwa mapambo ya ripoti inapoteza fedha za jamii zilizolinda msitu.

Kitu kimoja setelaiti bado inakiona kwa shida: msitu unaochakaa bila kufyekwa. Mkaa, kuni na uvunaji wa kuchagua mti mmoja mmoja huondoa kaboni nyingi huku mwavuli ukibaki. Rada na leza zinasaidia. Chombo cha leza GEDI kilipelekwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga Desemba 2018, na Aprili 2025 Ulaya ilirusha setelaiti ya Biomass yenye rada ya mawimbi marefu inayopenya majani mpaka kwenye mashina. Zote mbili hazijui tani mpaka zifundishwe na ploti za ardhini.

Data ni ya nani

Na hapo ndipo mazungumzo hugeuka kuwa magumu. Watafiti wanaofanya kazi na setelaiti wanataka mahali halisi pa kila ploti. Nchi nyingi hazitoi, na zina sababu. Ploti ikijulikana inaweza kutunzwa kipekee au kuvunwa kwa makusudi, na ikishatendewa tofauti haiwakilishi tena msitu unaoizunguka. Marekani yenyewe, inayotoa data zake kwa uwazi mkubwa, huchapisha mahali pa ploti pakiwa pamesogezwa, nyingi ndani ya nusu maili na zote ndani ya maili moja, ili kulinda wenye ardhi na uhalisi wa sampuli.

Njia inayofaa ni kupeleka hesabu kwenye data badala ya data kwenye hesabu. Taasisi ya nchi inaendesha programu nyumbani kwake, kwa mahali halisi pa ploti, na kutoa matokeo yaliyojumlishwa. Zana za bure za kukusanya data na kuchakata picha za setelaiti, Open Foris na SEPAL, zilizotengenezwa kupitia FAO, zinawezesha jambo hilo kwa taasisi isiyo na kompyuta kubwa. Uchunguzi wa picha za setelaiti wa tathmini ya 2020 ulionyesha kwamba wenyeji wanaweza kuifanya kazi: zaidi ya wataalamu 800 kutoka nchi na maeneo 126 walitafsiri sampuli zipatazo 400,000, kila mmoja akitazama mazingira anayoyajua. Anayejua kwamba miti ya kwao hupukutisha majani kiangazi hawezi kuita msitu mkavu shamba lililofyekwa.

Ukaguzi nao umewekwa kwa busara. Nchi inayowasilisha kiwango chake cha rejea, yaani kiasi cha hewa ukaa ambacho upunguzaji utalinganishwa nacho, kwa ajili ya REDD+, mpango wa kulipia upunguzaji wa ukataji miti, hukaguliwa na wataalamu wawili walioteuliwa chini ya Mkataba wa Tabianchi, mmoja kutoka nchi iliyoendelea na mmoja kutoka inayoendelea, kwa kanuni zilizokubaliwa Warsaw mwaka 2013. Ripoti yao huwekwa wazi, na kwa nchi inayojiandaa, kusoma ripoti za majirani ni shule bora kuliko warsha nyingi.

Mzunguko wa pili

Upimaji wa kwanza hueleza kilichopo. Usimamizi endelevu unauliza kinachoongezeka na kinachopungua: mti unakua kiasi gani kwa mwaka, mingapi inakufa, mingapi inavunwa. Bila hayo, kiasi cha kuvuna kinachoruhusiwa kwenye mpango wa usimamizi ni kubahatisha. Majibu yanapatikana kwa kupima miti ileile mara ya pili.

Hesabu yake inashawishi. Ukipima ploti mpya kila mzunguko, mashaka ya mzunguko wa kwanza na wa pili hujumlishana kwenye tofauti. Ukirudi kwenye ploti zilezile, na vipimo vya mara mbili vikiwa na uwiano wa 0.9 (1 ikiwa ni kwenda sambamba kabisa), sehemu kubwa ya mashaka hujifuta: ploti 300 za kudumu hueleza badiliko kwa uhakika uleule wa ploti 3,000 za muda katika kila mzunguko. Hakuna setelaiti wala programu inayopunguza gharama kwa kiasi hicho.

Kwa nini basi mzunguko wa pili haufiki? Kwa sababu wa kwanza uliandikwa kama mradi. Mfadhili hulipia magari, vifaa, mafunzo na kampeni ya miaka mitatu au minne, ripoti inazinduliwa, na bajeti inaisha hapo. Waliofundishwa huhamia kwingine. Mwongozo wa porini hubadilishwa katikati ya kazi bila tarehe ya badiliko kuandikwa. Faili la mti mmoja mmoja hubaki kwenye kompyuta ya mshauri, na nchi inabaki na majedwali. Miaka kumi baadaye mfadhili mwingine huja na muundo wake wa ploti, na uzi unaanza upya.

Ploti yenyewe huweza kupotea pia. Kipokezi cha kawaida cha GPS chini ya majani mazito hukosea kwa mita kadhaa, hata kumi, ambayo kwa duara la mita 1 ni kutafuta mahali pengine kabisa. Kwa hiyo katikati ya ploti huzikwa kipande cha chuma, kisionekane, kitakachotafutwa kwa kigunduzi cha metali. Kikiachwa juu ya ardhi kitaokotwa, na ploti itajulikana. Pembeni huchaguliwa alama mbili tatu zisizohama, mwamba au mti mkubwa, na umbali na mwelekeo wa dira kutoka kila moja huandikwa. Kila mti uliopimwa huandikwa umbali wake na mwelekeo wake kutoka katikati. Timu ikirudi na chuma kikiwa hakipatikani, miti mitatu inayotambulika inatosha kupata katikati upya.

Kwa upande wa taasisi, nchi zilizofaulu zimeacha kampeni kubwa za mara moja. Finland tangu 2004 hupima sehemu ya tano ya klasta zake kila mwaka karibu nchi nzima. Marekani iliamuru kwa sheria mwaka 1998 mpango wa kila mwaka wa namna hiyo. Nchi yenye klasta 1,000 ikipima 200 kila mwaka inahitaji timu chache za kudumu badala ya nyingi za muda, na mshahara wao unaingia kwenye bajeti ya kawaida ya serikali. Ukosefu wa fedha mwaka mmoja unapunguza usahihi bila kuua mfululizo. Anayejadili makubaliano na mfadhili aombe msaada wa aina hiyo: mchango unaopungua mwaka hadi mwaka huku wa serikali ukipanda, nakala ya data zote za mti mmoja mmoja na mahali pa ploti ikikaa kwenye taasisi ya nchi kuanzia msimu wa kwanza, na mwaka wa mwisho wa msaada upangwe baada ya klasta za kwanza kupimwa tena.